Loti Huja Mwisho

Programu ya MetaTrader, ambayo vijana wengi wa Dar es Salaam na Nairobi wanaitumia kwenye simu kununua na kuuza fedha za kigeni, ina fomu fupi ya kuagizia biashara. Juu kabisa kuna kisanduku cha kiasi, na kiasi hicho huandikwa kwa loti. Chini yake kuna kisanduku cha kikomo cha hasara, ambacho wenyewe hukiita stopu. Hicho hukaa kitupu mpaka mtu akijaze. Wengi huijaza fomu hiyo kama walivyozoea kujaza fomu zote, kuanzia juu. Mtu anaandika loti kwanza: nusu, moja au mbili, kadiri alivyoamka na matumaini. Anabonyeza kununua. Stopu ataiweka baadaye, akishaona bei inakwendaje.

Akaunti nyingi huungulia hapo hapo, kabla soko halijafanya lolote. Aliyeandika loti kwanza ameshaamua kila pipu, yaani kila hatua ndogo ya bei, itamgharimu kiasi gani, lakini hajaamua atavumilia pipu ngapi. Ni kama mtu aliyeingia buchani akakubali bei ya kilo bila kusema anataka kilo ngapi, halafu mwenye bucha akaachiwa aamue uzito.

Fomu ile inafaa ijazwe kinyumenyume. Swali la kwanza ni hili: bei ikifika wapi, mfanyabiashara atakubali kwamba amekosea? La pili: kosa hilo likitokea, limgharimu kiasi gani? Loti ni jibu la hesabu linalotokana na maswali hayo mawili, na dhamana anayoishikilia dalali ni ukaguzi wa mwisho tu. Hesabu yenyewe ni ya kugawanya, na mwanafunzi wa darasa la sita anaiweza. Kinachowashinda watu wazima ni kuifuata kwa mpangilio huo kila siku, hata siku ambayo mkono unawasha.

Vipimo vyenyewe

Loti moja kamili ni vizio 100,000 vya sarafu inayotajwa kwanza katika jozi. Anayenunua loti moja ya EUR/USD ameingia biashara ya yuro 100,000. Loti 0.10 ni yuro 10,000, na loti 0.01, ambayo kwa madalali wengi ndiyo ndogo kuliko zote, ni yuro 1,000.

Pipu ni hatua ya nafasi ya nne baada ya nukta. Yuro ikitoka 1.1000 kwenda 1.1001, imetembea pipu moja. Kwa jozi zenye yen ya Japani, pipu huhesabiwa kwenye nafasi ya pili: kutoka 150.00 kwenda 150.01. Ukizidisha 100,000 kwa 0.0001 unapata 10, kwa hiyo pipu moja ya EUR/USD kwa loti moja ina thamani ya dola 10. Kwa loti 0.10 ni dola 1, na kwa loti 0.01 ni senti 10 za dola.

Kuna mtego mmoja ambao huwanasa wageni mapema. Madalali wengi siku hizi huonyesha bei kwa tarakimu tano baada ya nukta, mfano 1.10004, na programu huhesabu hatua hizo ndogo kama pointi. Pointi 10 ndizo zinazofanya pipu moja. Mtu anayesoma pointi 50 akadhani ni pipu 50 ameweka stopu karibu mara kumi kuliko alivyokusudia, na loti aliyoikokotoa kutokana na kosa hilo haina maana tena.

Umbali kwanza

Stopu inapaswa kukaa mahali ambapo sababu ya kuingia inakufa. Tuseme mtu ameiona yuro ikipanda dhidi ya dola, ikarudi nyuma kidogo, ikaacha bonde kwenye 1.0968, kisha ikaanza kupanda tena. Anataka kununua kwenye 1.1000. Hoja yake ni kwamba bonde lile litashikilia. Bei ikilivunja, hoja imekwisha. Kwa hiyo stopu inakaa chini ya bonde, ikiachiwa nafasi kidogo ya kupumulia: 1.0960. Umbali ni 1.1000 kutoa 1.0960, yaani pipu 40.

Katika hoja yote hiyo, salio la akaunti halijatajwa hata mara moja, na halipaswi kutajwa. Soko halijui nani ana dola 200 na nani ana milioni mbili. Lakini mfanyabiashara mwenye loti yake anayoipenda huona kwamba pipu 40 zitamuumiza, basi anaivuta stopu mpaka pipu 12. Sasa stopu iko juu ya bonde, katikati ya njia ambayo bei huipita kila siku kwa kupanda na kushuka kwake kwa kawaida. Bei inashuka pipu 15, inamtoa, inageuka, inaelekea kule kule alikotabiri. Analalamika kwamba soko linamwinda.

Nahodha wa jahazi anayekaribia mlango wa bandari hutia bildi apime kina. Akikuta pima mbili, hawezi kuziamuru ziwe nne. Anachoweza kupunguza ni shehena. Umbali wa stopu ni kina cha maji. Loti ndiyo shehena.

Wasiotaka kutegemea macho peke yake wana kipimo alichokieleza Mmarekani J. Welles Wilder katika kitabu chake cha mwaka 1978: wastani wa mwendo halisi wa bei, ambao MetaTrader huuonyesha kwa herufi ATR. Kipimo hiki husema mshumaa mmoja kwenye chati, uwe wa saa moja au wa siku nzima, umekuwa ukitembea umbali gani kwa wastani. Ikiwa mshumaa wa siku unatembea pipu 70, stopu ya pipu 10 kwa biashara inayokusudiwa kukaa siku tatu haitavuka hata asubuhi ya kwanza.

Kipimo hicho ndicho kilichokuwa moyo wa jaribio maarufu la Chicago. Mwishoni mwa mwaka 1983, Richard Dennis na mwenzake William Eckhardt walibishana kama biashara inaweza kufundishwa au ni kipaji cha kuzaliwa. Dennis akatangaza magazetini, akachagua watu wasio na umaarufu wowote, akawafundisha kwa wiki mbili na kuwakabidhi fedha zake wafanye nazo biashara. Kikundi hicho kiliitwa Turtles, yaani Kasa, na miongoni mwa masoko waliyoyafanyia biashara yalikuwamo ya yen, pauni, faranga ya Uswisi na maki ya Ujerumani. Hawakuruhusiwa kuchagua kiasi kwa hisia. Walipima wastani wa mwendo wa siku 20, wakauita N, kisha wakachukua kiasi ambacho mwendo wa N moja ungebadilisha akaunti kwa asilimia 1. Stopu yao ilikaa umbali wa N mbili, kwa hiyo kosa moja liligharimu takriban asilimia 2. Soko likichafuka, N ilikua na kiasi kikapungua chenyewe. Tena, akaunti iliposhuka asilimia 10, walitakiwa kufanya biashara kana kwamba imeshuka asilimia 20.

Pili, mfuko

Umbali umepatikana sokoni. Kiasi cha kuhatarisha kinapatikana mfukoni, na hapa kila mtu hujibu kwa hali yake. Wengi waliodumu katika kazi hii hutaja asilimia 1 ya akaunti kwa biashara moja, wengine huenda hadi 2. Anayeanza hana sababu ya kuvuka 1.

Asilimia 1 husikika ndogo mno kwa kijana mwenye haraka. Hesabu ya kufululiza kukosea ndiyo inayoeleza kwa nini inafaa. Tuseme mtu hupatia nusu ya biashara zake na kukosa nusu. Katika biashara 100, uwezekano wa kukosa mara sita mfululizo angalau wakati mmoja ni zaidi ya nusu. Kwa maneno mengine, mkosi huo aujumlishe kwenye bajeti yake, kama mkulima anavyojua kwamba mwaka wa mvua chache utakuja. Mwenye dola 1,000 anayehatarisha asilimia 10 kila mara atabakiwa na dola 531 baada ya makosa hayo sita, na ili arudi alipoanzia anahitaji faida ya asilimia 88. Anayehatarisha asilimia 1 atabakiwa na dola 941, na faida ya asilimia 6 na ushei inamrudisha. Mmoja anahitaji muujiza, mwenzake anahitaji wiki kadhaa za kazi ya kawaida.

Hesabu

Sasa vyote viko mezani. Akaunti ni dola 1,000. Asilimia 1 ni dola 10. Umbali ni pipu 40.

Hatua ya kwanza ni kugawa fedha kwa umbali: 10 kwa 40 ni 0.25. Maana yake kila pipu iruhusiwe kugharimu senti 25 za dola, isizidi hapo. Hatua ya pili ni kugawa jibu hilo kwa thamani ya pipu ya loti moja, ambayo kwa EUR/USD ni dola 10: 0.25 kwa 10 ni 0.025. Dalali hapokei nusu ya loti 0.01, kwa hiyo namba hushushwa mpaka 0.02. Haipandishwi kamwe. Loti 0.03 ingefanya hasara iwe dola 12, na asilimia 1 aliyojiwekea ingekuwa imevunjwa siku hiyo hiyo. Kwa loti 0.02, pipu 40 zitagharimu dola 8.

Bonde lingekuwa mbali zaidi, na stopu ikataka pipu 80, hesabu ingetoa 0.0125, yaani loti 0.01, na hasara ya dola 8 vilevile. Lingekuwa karibu, pipu 20, loti ingekuwa 0.05 na hasara dola 10. Umbali umebadilika mara nne, ilhali hasara ya siku mbaya haijavuka dola 10. Mfanyabiashara aliyezoea hesabu hii haogopi stopu ya mbali wala hapumbazwi na ya karibu.

Pipu hazina thamani moja

Thamani ya pipu huhesabiwa kwa sarafu inayotajwa pili. Dola ikiwa ya pili, kama katika EUR/USD, GBP/USD au AUD/USD, thamani ni ile ile ya dola 10 kwa loti. Isipokuwa ya pili, lazima kubadilisha.

Kwa USD/JPY, pipu moja kwa loti moja ni yen 1,000. Dola ikiwa yen 150, hizo ni dola 6.67. Mwenye akaunti ya dola 5,000 anayehatarisha dola 50 kwa stopu ya pipu 75 anagawa 50 kwa 75, anapata 0.667, akigawa kwa 6.67 anapata loti 0.10 kamili. Angetumia dola 10 kwa mazoea, angepata loti 0.06, chini ya alichostahili.

Upande wa pili kosa linauma zaidi. EUR/GBP huhesabiwa kwa pauni: pipu moja kwa loti ni pauni 10. Pauni ikiwa dola 1.25, hizo ni dola 12.50. Anayedhani ni dola 10 atahatarisha robo zaidi ya alivyopanga, kila mara, bila kujua fedha zinavujia wapi.

Dhamana haipimi hatari

Dhamana ni fedha ambayo dalali huifunga kutoka kwenye akaunti ili biashara ikae wazi. Si ada, na wala si kiasi cha juu ambacho mtu anaweza kupoteza. Hupatikana kwa kugawa thamani yote ya biashara kwa leveraji, yaani mara ambazo dalali humruhusu mteja abebe biashara kubwa kuliko fedha inayofungwa.

Ile loti 0.02 ni yuro 2,000. Kwa bei ya 1.1000, thamani yake ni dola 2,200. Kwa leveraji ya 30 kwa 1, dhamana ni dola 73.33. Kwa leveraji ya 500 kwa 1, ni dola 4.40. Hasara ya stopu ni dola 8 huku na kule. Leveraji imebadili fedha iliyofungwa, hatari haikuguswa.

Hatari huingia pale mtu anapoitazama dhamana iliyo huru na kuiona kama ruhusa. Akaunti ya dola 1,000 yenye leveraji ya 500 inaweza kubeba loti 4.5 za EUR/USD: thamani dola 495,000, dhamana dola 990. Kila pipu sasa ni dola 45. Dalali anayefunga biashara kwa lazima fedha inapobaki nusu ya dhamana ataifunga baada ya pipu 11 hivi, na nusu ya akaunti imekwenda. Pipu 11 za yuro zinaweza kupita mtu akiwa bado anachemsha chai.

Ndiyo maana wasimamizi waliingilia kati. Nchini Marekani, tangu mwaka 2010 leveraji kwa mteja wa kawaida haizidi 50 kwa 1 kwa jozi kubwa. Mamlaka ya Ulaya, ESMA, iliweka 30 kwa 1 kuanzia Agosti 2018, 20 kwa 1 kwa jozi zisizo kubwa, ikaagiza biashara zifungwe fedha inapofika nusu ya dhamana, na ikamkinga mteja asidaiwe zaidi ya alichoweka. Sababu iliyotolewa ilikuwa nzito: kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wa kawaida zilikuwa zikipoteza fedha. Kenya ina kanuni zake za mwaka 2017 chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na dalali anayetaka wateja huko anapaswa kuwa na leseni yake. Kabla ya kutuma hata shilingi moja, jina la dalali litafutwe kwenye orodha ya mamlaka yenyewe, si kwenye picha ya cheti iliyotumwa kwa WhatsApp.

Siku stopu iliporukwa

Hesabu hii yote inaegemea jambo moja: kwamba stopu itatekelezwa pale ilipowekwa. Mara nyingi hutekelezwa. Tarehe 15 Januari 2015 haikutekelezwa.

Tangu Septemba 2011, Benki Kuu ya Uswisi ilikuwa imeahidi kwamba haitaiacha yuro ishuke chini ya faranga 1.20. Kwa miaka mitatu na zaidi watu waliinunua yuro karibu na bei hiyo na kuweka stopu fupi chini yake, wakiamini wamesimama juu ya sakafu ya zege. Siku hiyo, saa 6:30 mchana kwa saa za Afrika Mashariki, benki ilitangaza kwamba sakafu imeondolewa. Ndani ya dakika chache yuro ilianguka hadi karibu 0.85. Kati ya 1.20 na huko chini hakukuwa na wanunuzi wa kutosha, kwa hiyo stopu zilitekelezwa kwa bei yoyote iliyopatikana. Wateja wa FXCM ya Marekani walijikuta wakidaiwa jumla ya takriban dola milioni 225, na kampuni ikalazimika kukopa dola milioni 300. Alpari ya Uingereza ilifilisika.

Tufanye hesabu ya mtu mmoja wa kufikirika. Ana dola 10,000, anahatarisha dola 200, amenunua kwenye 1.2010 na stopu iko 1.1990, pipu 20. Hesabu inampa takriban loti moja, na kwa mtazamo wa stopu hana kosa. Stopu yake ikatekelezwa kwenye 1.0500, hasara ni pipu 1,510, zaidi ya dola 15,000. Akaunti imekwisha na deni limebaki.

Kilichomponza ni ufupi wa stopu. Stopu fupi huzaa loti kubwa; loti moja ya yuro ilikuwa karibu mara 12 ya akaunti yake. Kwa hiyo hesabu ya umbali inahitaji mwenzake: dari ya thamani yote. Baada ya kupata loti, mfanyabiashara agawe thamani ya biashara kwa salio lake. Ile loti 0.02 yenye thamani ya dola 2,200 juu ya dola 1,000 ni mara 2.2. Makala haya yanapendekeza jumla ya biashara zote zilizo wazi isizidi mara 5 ya akaunti. Stopu ikitoa loti inayovuka dari hiyo, dari ndiyo itiiwe.

Mitikisiko mingine mikubwa ilitokea Afrika Mashariki ikiwa imelala. Tarehe 7 Oktoba 2016, pauni iliporomoka takriban asilimia 9 dhidi ya dola katika dakika chache kabla ya kurudi juu. Hapa ilikuwa saa 8 na dakika kadhaa usiku. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Januari 2019, yen ilipaa ghafla saa 7 na nusu. Anayelala na biashara wazi alale na loti ambayo mshtuko kama huo hautaimaliza akaunti.

Akaunti ndogo

Hesabu hii hii huwavunja moyo wenye mtaji mdogo, na ukweli huo usifichwe. Tuseme mtu ana shilingi 39,000 za Kenya na dola ni shilingi 130. Akaunti yake ni dola 300, asilimia 1 ni dola 3. Kwa stopu ya pipu 40, kila pipu iruhusiwe senti 7.5. Loti ndogo kuliko zote inagharimu senti 10. Hesabu imejibu: biashara hii haimfai.

Ana njia tatu za halali. Aipishe biashara hii, asubiri ambayo bonde lake liko karibu zaidi kwa sababu za kweli za soko. Atafute dalali mwenye leseni anayetoa akaunti ya senti, ambayo loti zake ni ndogo kuliko hizo. Au aendelee na akaunti ya majaribio huku akiongeza akiba. Kuivuta stopu hadi pipu 30 ili hesabu ikubali si mojawapo.

Mwenye mapato ya shilingi na akaunti ya dola ana hatari nyingine ambayo haionekani kwenye chati. Mwishoni mwa Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160 za Kenya. Katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 129. Aliyeweka dola wakati ule na kuzitoa baadaye bila kufanya biashara hata moja alipoteza karibu moja ya tano ya shilingi zake.

Kabla ya kubonyeza

Yamebaki mambo madogo yanayokula pipu kimyakimya.

La kwanza ni spredi, yaani pengo kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia. Chati ya MetaTrader kwa kawaida huchora bei ya kuuzia peke yake, ilhali biashara ya kuuza hufungwa kwa bei ya kununulia. Kwa hiyo stopu iliyo juu ya kilele, kwa anayeuza, iongezewe spredi, la sivyo itaguswa kabla bei ya kwenye chati haijafika. Spredi hutanuka siku inapofungwa New York, saa 6 usiku au saa 7 usiku kwetu kulingana na majira yao, na pia wakati wa takwimu za ajira za Marekani, ambazo hutoka saa 9:30 au 10:30 alasiri, mara nyingi Ijumaa ya kwanza ya mwezi.

La pili ni biashara zenye uso tofauti na tumbo moja. Anayenunua EUR/USD, GBP/USD na AUD/USD kwa pamoja, kila moja kwa asilimia 1, ameuza dola mara tatu. Dola ikipata nguvu, stopu zote tatu zinaweza kuguswa alasiri moja. Kasa wa Chicago walikuwa na kikomo cha vipimo 4, kila kimoja kikiwa kile kiasi kilichokokotolewa kwa N, kwa soko moja na 6 kwa masoko yanayofanana sana. Mwenye akaunti ndogo anaweza kuigawa ile asilimia 1 kati ya jozi zinazofuatana.

La tatu ni daftari. Safu sita zinatosha: salio, fedha ya kuhatarisha, umbali wa stopu, thamani ya pipu, loti, na thamani yote ikigawanywa kwa salio. Zijazwe kwa kalamu kabla simu haijafunguliwa.

Kwa biashara yetu ya yuro, mstari wa kwanza ungesomeka: 1,000, 10, 40, 10, 0.02, mara 2.2. Tuseme bonde halikushikilia na stopu ikaguswa. Zimetoka dola 8. Mstari wa pili unaanza na salio jipya, 992, na asilimia 1 yake ni dola 9.92. Bonde linalofuata linataka stopu ya pipu 55. Kila pipu iruhusiwe senti 18, loti ni 0.01, hasara ikitokea itakuwa dola 5.50, na thamani yote ni kama mara 1.1 ya akaunti. Baada ya hapo ndipo simu inafunguliwa, stopu inaandikwa, na kisanduku cha juu kinajazwa mwisho.